Bia thelathini na nne: uchambuzi wa fakture moja ya Lubumbashi

Fakture yenyewe, yaani bili, ni karatasi nyembamba ya mashine. Juu ina jina la nyumba (baa yenye mgahawa), ambalo halitatajwa hapa. Chini ina jumla, faranga za Kongo 798,080. Katikati upo mstari mmoja uliozua yote: bia kubwa 34, kwa 6,000, jumla 204,000. Waliokaa mezani walisema walikunywa 28. Ghala la nyumba hiyohiyo, lilipohesabiwa Jumatatu asubuhi, likatoa jibu la tatu: 30.

Hesabu tatu za meza moja, na kati ya waliozitoa hakuna aliyekuwa akiiba. Ingekuwa wizi, kisa kingekuwa kifupi: angetafutwa mwizi, angefukuzwa, basi. Hapa kila mtu alifanya kazi yake kama alivyoagizwa, na bado mwenye karamu alitoka usiku ule amelipa dola 25 na nusu zaidi ya haki yake, na msichana aliyemhudumia akaenda kulia nyuma ya jiko.

Karatasi nilizipata kwa ndugu mmoja wa familia ile, ambaye pia anafahamiana na mwenye nyumba. Naye mwenye nyumba, baada ya kusitasita, aliruhusu ripoti za mashine na daftari la ghala zisomwe. Nafikiri alitumaini zingemsafisha.

Nyumba na wageni wake

Ilikuwa Jumamosi ya miezi ya baridi, mwaka 2024. Binti wa familia alikuwa amemaliza masomo Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na mjomba wake, fundi magari mwenye karakana Kampemba, akaapa kwamba safari hii sherehe haifanyiki uani kwa viti vya kukodi. Watakwenda mjini, wakae, wahudumiwe. Wakaenda kumi na wawili: wazee, dada zake, vijana, na shangazi mmoja wa Katuba ambaye tutamrudia, kwa sababu ndiye peke yake aliyekuwa akihesabu.

Nyumba ni kubwa kwa kipimo cha mji huu. Ndani kuna ukumbi wenye jukwaa la wanamuziki, nje kuna baraza chini ya miti. Jiko liko upande mmoja, kaunta ya vinywaji upande wa pili, na kese, yaani mahali pa kulipia, iko karibu na mlango, nyuma ya kioo. Katikati ya wiki wateja wake ni watu wa migodi. Tangu sheria ya madini ya 2002 ilipozifungulia mlango kampuni binafsi, Lubumbashi imepata tabaka zima la walaji wanaokula kwa pesa ya ofisi: mkandarasi, mgeni wa kutoka Afrika Kusini, wakala wa forodha aliyeshuka kutoka mpakani Kasumbalesa. Fakture ikifika, mtu huyo anatazama jumla, anaomba mhuri, anaikunja kwa ajili ya mhasibu. Chupa hazihesabu, maana hazitoki mfukoni mwake. Nyumba iliyokulia kwa wateja wa namna hiyo haijawahi kusahihishwa, na inadhani kutosahihishwa ni dalili ya kuwa sahihi.

Mjomba si mtu wa aina hiyo. Alikuwa amepita siku chache kabla kusoma bei. Kuku 35,000, samaki wa ziwa Moero 45,000, sahani ya michopo (nyama ya kuchoma) 20,000, bukari (ugali) 3,000, sombe (kisamvu) 6,000, bia kubwa 6,000. Akapiga hesabu yake karakanani, akaongeza kidogo kwa ajili ya wapenda bia wa ukoo, akaweka kando noti tatu za dola mia. Kwa hesabu hiyo angebaki na zaidi ya dola sitini za teksi na za kumtuza binti mbele ya wanamuziki. Hakusoma mstari ulioandikwa kwa herufi ndogo kwenye ukurasa wa mwisho, chini ya orodha ya mvinyo, unaosema bei zote hazina TVA, kodi ya ongezeko la thamani. Fundi magari anayekwenda kutafuta bei ya kuku hafiki ukurasa wa mvinyo.

Saa tano na nusu usiku

Karamu ilikwenda vizuri, na hilo lisemwe, kwa sababu watu wakisimulia ugomvi husahau chakula. Samaki alikuwa mzuri. Binti alichezeshwa. Bia zilifika mezani vuguvugu kwa muda, jambo la aibu kidogo katika mji unaotengeneza bia za Simba na Tembo wenyewe, lakini hapakuwa na aliyegomba, maana umeme ulikuwa umekatika na kila mtu anaijua SNEL, shirika la umeme.

Fakture ilipoletwa, mjomba aliisoma mara mbili, akamwita msichana kwa upole.

“Mama, hii fakture haiko ya kwetu.”

“Njo yenu, papa. Angalia, meza kumi na saba.”

“Pombe makumi tatu na ine? Tulikunywa na nani?”

“Haiko miye, papa. Ni mashini inaandika.”

Hapo shangazi wa Katuba akaingia. “Ule mutoto alikuwa anafungulia chupa hapa mbele yangu. Vifuniko nilikuwa natia mu sahani. Ni makumi mbili na munane.”

Sahani ilitafutwa. Haikuwapo, ilikuwa imeondolewa pamoja na mifupa ya kuku. Chupa tupu je? Nazo zilikuwa zikiondolewa kila mara, moja baada ya nyingine, ili meza ipendeze. Msichana akarudi kese, akarudi mezani na jibu lilelile. Alipoona mjomba haendi mfukoni, akaanza kuongea haraka, sauti ikapanda, na meza jirani zikageuka kutazama. Meneja akaja. Hakuiangalia fakture. Alimtazama mjomba, akatazama glasi iliyokuwa mbele yake, akasema:

“Muzee, saa hii kila mutu anasahau ile yenye alikunywa.”

“Anatuita balevi?” shangazi aliuliza, si kwa kunong'ona.

Mjomba akalipa. Hakushawishika na hesabu. Alilipa kwa sababu wakwe wa dada yake walikuwa wameketi palepale, na mwenye karamu anayegombania bia sita mbele ya wakwe anaonekana bahili hata kama ana haki. Nyumba kubwa zinategemea sana heshima hiyo ya mteja, iwe zinajua au hazijui. Ni wachache wanaokubali kuvunjiwa sherehe kwa ajili ya faranga 36,000, na meneja mwenye uzoefu anajua ni meza ipi ina wakwe.

Noti moja kati ya tatu ikakataliwa. Ilikuwa na mpasuko ukingoni, mfupi kama ukucha. Mpwa mmoja akatuma dola mia kwa simu, na noti iliyopasuka ikarudi mfukoni mwa mjomba. Wakapewa chenji ya faranga 11,900. Ilipaswa kuwa 11,920, lakini ishirini haina noti siku hizi.

Hesabu tatu

Nianze na 28 ya shangazi, kwa sababu ndiyo iliyodharauliwa, na ndiyo iliyokuwa na mbinu nzuri kuliko zote. Kwenye mabaa ya Katuba na Kamalondo chupa hufunguliwa mbele ya mnywaji, na vidanje, yaani chupa tupu, hukaa chini ya meza mpaka mwisho. Wakati wa kulipa, mhudumu na mteja wanainama pamoja, wanahesabu pamoja, wanakubaliana. Ni mfumo wa hesabu usiohitaji mashine wala kusoma. Shangazi alipoona chupa zinaondolewa, akahamia kwenye vifuniko. Kila chupa iliyofunguliwa mezani iliacha kifuniko, na hakukosea hata kimoja.

Alichokosa ni kile ambacho hakikufunguliwa mezani. Kati ya nyimbo mbili, mjomba alimwona mteja wake wa zamani wa karakana kwenye meza ya mbali, akampelekea bia mbili. Zilifunguliwa kulekule. Mjomba mwenyewe alikuwa amezisahau mpaka alipoulizwa kwa utulivu siku nyingine, akacheka, akakubali. Ishirini na nane na mbili ni thelathini.

Sasa 34 ya mashine. Kwa kawaida mhudumu anaandika oda kwenye bon, kikaratasi cha oda, anaipeleka kaunta, mtu wa kaunta anaiingiza kwenye mashine kwa jina la mhudumu na namba ya meza, ndipo chupa zinatoka. Kese inaona kila kitu kwenye kioo cha mashine yake. Utaratibu mzuri, mradi umeme upo. Usiku ule SNEL walikata saa tatu kasorobo. Jenereta ipo, lakini huwashwa na mlinzi, na mlinzi alikuwa barabarani akipanga magari. Ikapita robo saa. Kwa robo saa hiyo mashine zilikufa, kwa kuwa hazikuwa na betri, na kazi ikarudi kwenye karatasi: kila oda bon mbili, moja kaunta, moja kese.

Umeme uliporudi, mtu wa kaunta akaingiza bon zake, kama alivyoagizwa. Mpokea pesa naye akaingiza zake, kama alivyoagizwa. Hakuna aliyekuwa ameambiwa kwamba mwenzake anafanya hivyo. Ripoti ya mashine inaonyesha wazi: meza 17, bia nne saa 21.04, meza 17, bia nne saa 21.09. Dakika tano kati yake, na katika dakika hizo hizo chakula ndicho kilikuwa kikiwekwa mezani. Bia nane kwa dakika tano inawezekana, lakini bon iliyobaki kwenye kitabu cha msichana ni moja tu, na imeandikwa nne.

Ghala linamaliza ubishi. Jumamosi kaunta ilianza na kasie (kreti) 52 za chupa kubwa, Simba na Tembo pamoja. Ilifunga na kasie 18. Zilitoka kasie 34, na kila kasie ina chupa 12, kwa hiyo chupa 408. Mashine ilisajili mauzo ya chupa 412. Nne zilizouzwa hazikuwahi kutoka kwenye friji.

Kwa nini meza 17 peke yake

Swali hili ndilo lililonichukua muda mrefu. Katika giza lile hawakuagiza meza 17 tu. Ukumbi mzima uliagiza, na baraza pia. Ikiwa kila bon iliingizwa mara mbili, tofauti ingekuwa ya chupa kadhaa za meza nyingi, si nne.

Jibu liko kwenye ukurasa wa ripoti ambao meneja hakuwahi kuufungua, ule wa mauzo yaliyofutwa. Usiku ule kese ilifuta mistari kadhaa ya vinywaji, yote iliyoingia mara mbili baada ya giza, na yote ya meza za barazani. Barazani vidanje haviondolewi. Nyumba ilipofanyiwa ukarabati, amri ya meza safi ilitolewa kwa ukumbi tu, pale panapopigwa picha; nje, chini ya miti, mambo yalibaki kama Katuba. Wateja wa nje walipoona chupa zisizo zao, walionyesha kidole chini ya meza, mhudumu akahesabu, akaenda kese, mstari ukafutwa. Haikuchukua dakika mbili, na hakuna anayekumbuka kwamba palikuwa na tatizo.

Ndani ya ukumbi, meza nyingine zilizoagiza gizani zilikuwa za wahudumu wa siku nyingi. Wao walikwenda wenyewe kese kuzuia bon zao zisiingizwe tena, kwa kuwa giza wanalijua. Msichana wa meza 17 alikuwa na wiki chache kazini. Hakuna aliyemwambia.

Kwa hiyo kosa la mashine lilikuwa la nyumba nzima, na lilisahihishwa kila mahali palipokuwa na ushahidi au mzoefu. Likabaki pale tu ambapo nyumba yenyewe, kwa kutaka kupendeza, ilikuwa imeondoa ushahidi mezani na kumweka mhudumu mgeni. Ukiuliza ni wapi ndani ya nyumba ile mteja hulipa zaidi lakini halindwi, jibu ni mezani penye kitambaa cheupe.

Upungufu una mwenyewe, ziada haina

Wale waliokuwa mezani wanamkumbuka msichana kama mkali, na mmoja aliniambia bila kusita kwamba lazima alikuwa mwizi, kwani asiye mwizi angekasirikia nini? Nilipomsikia nilitamani ajue jinsi anavyolipwa.

Kila kinachoingizwa kwa jina la mhudumu ni deni lake kwa nyumba mpaka fedha zifike kese. Meza ikiondoka bila kulipa, anadaiwa yeye. Mteja akikataa bia nne na meneja asizifute, zinatoka kwake usiku uleule, kabla ya kupanda teksi. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inaweka mipaka kwa makato ya mshahara, lakini fedha hizi hazipiti kwenye mshahara. Zinalipwa mkononi na haziachi karatasi. Msichana anayeambiwa “pombe hizi si zetu” hasikii lalamiko la mteja. Anasikia kwamba kazi ya usiku mzima imekwenda bure. Ndipo sauti inapanda.

Tazama sasa nyumba ilivyojipanga. Kosa limefanyika kati ya kaunta na kese. Wanaogombana ni fundi magari na msichana, wawili ambao hawakugusa mashine. Yeyote atakayeshindwa kati yao, nyumba inapata 412 zake. Kwa nini basi meneja afungue ripoti? Hana sababu. Kusema kweli ana sababu ya kutoifungua, maana foleni ya meza zinazosubiri ilikuwa imefika mlangoni.

Halafu kuna Jumatatu. Mtunza ghala alihesabu, akaona chupa nne zimezidi, akaandika kwa wino kwenye safu yake: ziada 4. Aliandika kwa uaminifu, mkono wake unasomeka vizuri. Ukurasa ukapita kwa meneja, ukatiwa sahihi, ukafungwa. Nilimwuliza mwenye nyumba ingekuwaje kama ungeandikwa upungufu 4. Akasema bila kufikiri: mtu wa kaunta angeitwa asubuhi ileile. Nikamwuliza ziada huitiwa nani. Akanyamaza kidogo, kisha akaniagizia soda.

Ziada ile ilikuwa barua. Ilisema: kuna mteja wa Jumamosi aliyelipia bia ambazo ziko hapa. Ilikuwa na tarehe, na mashine ilikuwa na namba ya meza, saa na dakika. Nyumba inayofuatilia ziada kama inavyofuatilia upungufu ingempata mjomba kabla ya Jumanne, kwa namba ileile ya simu iliyotumika kulipa dola mia.

Pesa ambazo hazikugombaniwa

Bia nne, pamoja na TVA yake, ni faranga 27,840. Kwa kiwango cha wabadilisha pesa wa kando ya barabara siku hizo, 2,850 kwa dola, ni karibu dola kumi. Watu waliharibu usiku kwa ajili ya dola kumi, na wakati huohuo karibu dola kumi na sita zilipita mbele yao kimya.

Nyumba ilipokea dola kwa 2,700. Fakture ya 798,080 kwa 2,850 ni dola 280. Mjomba alitoa mia tatu, akarudishiwa faranga 11,900, ambazo barabarani ni dola nne na kitu. Hata dola mia zilizotumwa kwa simu, ambazo hazichakai wala hazipasuki, zilihesabiwa kwa 2,700 hiyohiyo.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kushangaa kwa nini fundi wa Kampemba aweke pesa ya sherehe yake kwa dola. Wazee wetu waliona zaire ikiyeyuka mikononi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Faranga ya sasa ilikuja 1998, na mpaka 2012, zilipotoka noti za elfu moja hadi elfu ishirini, noti kubwa kuliko zote ilikuwa mia tano. Kulipia kuku mmoja wa sherehe kulikuwa kazi ya kuhesabu mafungu. Kwa hiyo kodi ya nyumba, gari, mahari na karamu huwekwa kwa dola, na mkate, nyanya na nauli hulipwa kwa faranga. Baa kubwa inakaa hasa kwenye mpaka wa ulimwengu huo na huu: bei inaandikwa kwa faranga, wateja wanakuja na dola, na anayeshika kiwango ndiye anayeshika faida. Kiwango cha nyumba si uhalifu. Duka lolote lina haki ya kujikinga na dola inayoyumba, na mwaka 2025, faranga ilipopanda ghafla, waliokuwa na dola droo nzima waliona kwa nini. Tatizo la usiku ule ni kwamba mjomba aliambiwa kiwango baada ya kula.

TVA nayo ni hadithi hiyohiyo. Asilimia 16 ipo tangu Januari 2012, inakwenda kwa serikali, na nyumba inayoitoza inafanya inavyotakiwa. Faranga 110,080 za meza 17 hazikuwa za wizi. Lakini ni karibu dola 39, fedha ambazo mjomba alikuwa amezipangia teksi na tuzo ya binti, na zilimfikia kama jambo jipya saa tano na nusu usiku. Nina hakika, ingawa siwezi kuithibitisha kwa ripoti yoyote, kwamba asingezihesabu bia kwa ukali ule kama jumla isingekuwa tayari imemshtua. Mteja aliyeshtuka hutafuta mstari anaoweza kuubishia. TVA haibishiwi, kiwango hakibishiwi, bia zinabishiwa.

Na lile neno la meneja

Nimesikia watu wa biashara wakisema meneja alikosea adabu tu, angesema kwa lugha laini mambo yangeisha. Sikubaliani. Aliyoyasema yana kazi ndani ya mfumo ule. Ukishamwita mteja mlevi, hata kwa kuzunguka, ushahidi wake wote unaanguka kwa mkupuo: kumbukumbu yake, vifuniko vya shangazi, yote. Hakuna haja tena ya kufungua ripoti. Na baa ina bahati mbaya kwamba neno hilo linaaminika kila mara, kwa sababu kweli watu wamekunywa. Shangazi alikuwa anakunywa Fanta usiku kucha.

Meneja angeweza kuuliza swali moja tu, hata bila tabasamu: “Umeme ulipokatika, muliomba nini?” Mezani wangekumbuka; giza hukumbukwa. Kisha hatua kumi mpaka kese. Barazani wahudumu wake walikuwa wamefanya hivyo saa mbili kabla, bila kumwuliza yeye.

Alichofanya mwenye nyumba

Alisoma karatasi zote kwa makini, na namsifu kwa hilo. Ndani ya mwezi akanunua betri kwa mashine ya kaunta na ya kese, na akaagiza kwamba umeme ukikatika, anayeingiza bon ni kaunta peke yake. Amri ya meza safi imebaki, lakini vidanje vya ukumbini sasa vinapangwa kwenye kasie tupu nyuma ya nguzo, kila meza na yake, mpaka fakture ilipwe. Inapendeza zaidi kidogo kuliko chini ya meza, na inahesabika. TVA imehamishwa kutoka ukurasa wa mvinyo kwenda ukurasa wa kwanza wa bei, ingawa bado haijaingizwa ndani ya bei. Deni la wahudumu halikuguswa. Alisema bila hilo watamla. Msichana wa meza 17 hakusubiri aone. Anafanya kazi katika nyumba ndogo upande wa Bel-Air, na amejifunza kuzuia bon zake mwenyewe.

Mjomba aliitwa, akaombwa radhi na mwenye nyumba ana kwa ana, akahesabiwa faranga zake 27,840, akatia sahihi. Akauliza kuhusu zile dola kumi na sita. Akajibiwa kwa heshima kwamba hizo haziwezi kurudi, papa, kwa sababu kiwango kilikuwa kimebandikwa kese usiku ule kama kawaida. Akaenda kuangalia. Kilikuwa kimebandikwa kweli, upande wa ndani wa kioo, maandishi yakimtazama mpokea pesa.